Jinsi ya Kusoma Afya ya Kijito kwa Kuwaangalia Wanyama Wake

Anayetaka kujua kijito cha kijijini kwake kimeathirika kiasi gani kwa ukataji miti, kilimo cha mtelemko au maji yanayochepushwa kwenda mashambani hana haja ya kuanzia maabara. Chupa ya maji inayopelekwa huko hueleza hali ya maji yalipochotwa tu: dawa iliyopuliziwa kabichi Jumanne na kusombwa na mvua usiku wake inaweza kuwa imekwisha kupita na kufika mbali ifikapo Ijumaa, na majibu ya maabara yakasema hakuna tatizo. Wanyama wadogo wanaoishi chini ya mawe hawana pa kukimbilia. Wengi wao hukaa majini kwa wiki nyingi au miezi kabla ya kuota mabawa, na kwa hiyo waliopo na wasiokuwepo ni kumbukumbu ya yote yaliyokipata kijito katika kipindi hicho.

Mwongozo huu ni wa vijito vya milimani vyenye mawe na maji yanayotiririka mwaka mzima, mfano vile vinavyoteremka kutoka Milima ya Uluguru kuingia Mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kubwa la maji ya Dar es Salaam. Njia hiyo hiyo inafaa Usambara, Taita au Mau. Haifai vinamasi, mabwawa wala makorongo yanayokauka kila kiangazi, kwa kuwa huko hata maji yasiyoguswa na mtu huwa na wanyama wa aina nyingine.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji wavu wenye mdomo wa sentimita 30 kwa 30 na matundu ya takriban milimita 1, beseni jeupe lisilo na kina kirefu, kijiko cha plastiki, brashi laini, kipimajoto, saa, daftari na penseli. Wino huyeyuka daftari likilowa. Penseli haina shida hiyo. Wavu unaweza kushonwa nyumbani kwa kuzungushia kitambaa cha neti kwenye fremu ya waya mgumu na kuifunga kwenye mpini wa jembe. Hapa pana onyo moja ambalo watu hulipuuza: chandarua kilichotiwa dawa kisitumike hata kama ni kikuukuu. Dawa iliyomo huua wadudu wa majini kama inavyoua mbu, hivyo utakuwa unaharibu kile unachokwenda kukipima.

Vaa gambuti na glavu za mpira. Maji baridi yaendayo kasi si makazi mazuri ya konokono wanaoeneza kichocho, lakini sehemu za chini zenye maji yaliyotulia ni hatari, na huwezi kujua kwa macho mpaka wa hatari hiyo uko wapi. Usiingie mtoni mawingu yakiwa yametanda milimani, maana mafuriko hushuka wakati mahali uliposimama bado kuna jua. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji kabla ya kuanza, na ikiwa kituo chako cha juu kiko ndani ya hifadhi ya msitu, omba kibali kwa wahifadhi.

Kuchagua vituo na msimu

Kazi yote inasimama au kuanguka hapa. Kipimo cha mahali pamoja, mara moja, hakisemi kitu. Kinachosema ni tofauti kati ya mahali na mahali, na kati ya mwaka na mwaka. Chagua angalau vituo vitatu: kimoja juu ya mashamba yote, cha pili mashambani, na cha tatu chini zaidi, baada ya makazi ya watu au baada ya mahali pa kunyweshea mifugo. Vituo vyote viwe na mawe ya ukubwa unaolingana na mkondo wa kasi inayolingana. Ukilinganisha maporomoko ya juu na mchanga wa chini utapata tofauti kubwa, lakini tofauti hiyo haitakuwa na uhusiano wowote na mkulima.

Hata ukichagua vizuri, joto linabaki kuwa mtego. Maji huongezeka joto kadiri yanavyoteremka mlimani, hata katika msitu usioguswa, na wanyama hubadilika pamoja nalo. Ndiyo maana ninapendekeza, pale inapowezekana, kituo cha nne kwenye kijito jirani ambacho bado kina miti kingoni na kiko kwenye mwinuko sawa na kituo chako cha mashambani. Ulinganisho huo una uzito kuliko ule wa juu na chini, na mara nyingi ndio unaoachwa.

Pima maji yanapokuwa yametulia. Katika maeneo yenye vuli na masika, Julai ni wakati mzuri, na mwishoni mwa Septemba ni wakati wa pili, kabla mvua hazijaanza. Baada ya mafuriko makubwa subiri wiki kadhaa, kwa sababu mafuriko hubingirisha mawe na kuwasomba wanyama; beseni tupu baada ya mvua kubwa si ushahidi wa sumu. Ukianza Julai, rudi Julai ya mwaka unaofuata.

Namna ya kukusanya

Anza kituo cha chini kabisa na upande juu, ili tope unalolitibua lisishukie vituo ambavyo bado hujavipima. Katika kila kituo simama ukielekea chini ya mto, uweke mdomo wa wavu mbele yako ukikabili mkondo, kisha uyasukume na kuyasugua mawe kwa miguu kwa dakika 2, maji yakiwaingiza wanyama wavuni. Inua mawe matano ya ukubwa wa ngumi mbili na kuyasugua kwa brashi juu ya beseni, upande wa chini hasa. Kisha pitisha wavu kwenye majani yanayoning'inia majini kwa urefu wa mita 2, na mwisho utibue changarawe na mchanga kwa dakika 1. Muda na urefu huu uwe uleule katika vituo vyote, maana anayetafuta kwa bidii zaidi hupata zaidi.

Tia vilivyopatikana kwenye beseni lenye maji safi ya kijito, ondoa majani makubwa baada ya kuyaosha, halafu ngoja. Watu wengi hulitazama beseni nusu dakika na kusema hakuna kitu. Dakika ya tatu ndipo kipande ulichodhani ni kijiti kinapochomoza miguu sita na kuanza kutembea na nyumba yake, na doa la kahawia pembezoni linapogeuka kuwa mdudu bapa anayeteleza kando kama kaa. Tazama kwa dakika 15 kamili, hesabu, andika, kisha warudishe wote walikotoka. Weka beseni kivulini wakati wote huo, kwani maji machache juani huwaua wale walio dhaifu kwanza.

Kuwatambua

Huna haja ya kujua spishi. Mbinu nyepesi ya miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya wanafunzi na wanavijiji, huwagawa wanyama katika makundi 13 tu, na kila kundi lina alama kulingana na linavyoathiriwa na uharibifu: linaloathirika upesi ndilo lenye alama kubwa. Tanzania ina mbinu yake ya kitaalamu, TARISS, iliyochapishwa mwaka 2015, lakini hiyo inahitaji mtu aliyefundishwa kutambua familia za wadudu. Kwa anayeanza, makundi 13 yanatosha.

Alama ya juu kabisa, 17, ni ya nimfa (mdudu mchanga ambaye bado hajaota mabawa) wa plekoptera: mdudu mwenye mikia miwili, kucha mbili kwenye kila mguu, na vishungi vya matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, kwenye makwapa. Anafuata nimfa wa efemera, ambaye kwa kawaida ana mikia mitatu, kucha moja kwa kila mguu, na matamvua yaliyopangwa kando ya tumbo yakipepea. Efemera hugawanywa mara mbili: wale wembamba wanaoogelea kwa mishtuko kama visamaki hupewa 5, na wengine wote, wakiwemo wale bapa wanaogandamana na jiwe, hupewa 11. Mabuu wa trikoptera, wanaojijengea ala za mchanga au vijiti, pamoja na ndugu zao wasio na ala, hupata 9. Kaa wa mtoni na uduvi wanapata 6, kama nimfa wa kereng'ende wanono. Nimfa wa kereng'ende wembamba, wenye vijani vitatu mkiani, wanapata 4. Kunguni wa maji na mende wa maji ni 5, konokono 4, minyoo bapa 3. Chini kabisa, kwa alama 2, wako ruba, minyoo ya mviringo, na mabuu wa nzi na mbu wa kila aina.

Jumlisha alama za makundi uliyoyapata, ugawanye kwa idadi ya makundi hayo. Tuseme kituo cha juu kina plekoptera, efemera wa aina zote mbili, trikoptera, kaa, kereng'ende wanono, mende na mabuu wa nzi: jumla ni 61, ukigawanya kwa 8 unapata 7.6. Kituo cha chini kina efemera waogeleaji, kereng'ende wanono, mende, mabuu wa nzi, minyoo ya mviringo, ruba na konokono: jumla ni 26, ukigawanya kwa 7 unapata 3.7. Alama hizi zilipangwa kwa mito ya Afrika Kusini, kwa hiyo usizichukue kama hukumu. Zitumie kulinganisha vituo vyako vyenyewe. Na kwa kuwa mbinu hii haijali wingi, plekoptera mmoja akihesabiwa sawa na thelathini, andika idadi pia. Kundi hupungua kabla ya kutoweka, na kupungua huko ndiko unakotaka kukuona mapema.

Kusoma sababu

Wastani unakwambia kwamba kuna tatizo. Ni tatizo gani, utaliona katika mchanganyiko wa wanyama, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu zaidi.

Ukipata tope, chunguza jiwe lenyewe kabla ya mdudu. Katika kijito chenye afya jiwe hunyanyuka kirahisi, na chini yake kuna uwazi unaopitisha maji. Pale udongo wa mashamba unaposhuka, jiwe hung'ang'ania, hutoka kwa mlio wa kufyonza, na huacha shimo lenye kuta za tope. Uwazi ule ulikuwa nyumba. Efemera bapa na plekoptera hutoweka kwanza, kisha trikoptera wanaotega nyavu zao za hariri kati ya mawe. Wanabaki minyoo na mabuu wa nzi wanaochimba tope. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika vijito vyetu vya milimani, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi, kwa sababu kiangazi maji hutulia, yakawa maangavu kama kioo, na kila mtu akaamini kwamba ni safi huku sakafu ya mto ikiwa imezibwa.

Miti ya kingoni ikikatwa, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Jua hupasha maji joto, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 15 yanaweza kubeba takriban miligramu 10 kwa lita, na yale ya nyuzi 25 takriban 8.3 tu, milimani kiasi hicho ni kidogo zaidi. Wakati huo huo majani yanayodondoka, ambayo ni chakula cha wengi wa wanyama hawa, hukoma. Badala yake huota mwani wa kijani juu ya mawe, hasa kama mbolea nayo inashuka, na unaona konokono na efemera waogeleaji wakiongezeka huku wanyama wanaokula majani wakipungua. Katika vijito vya Afrika Mashariki mla majani mkubwa ni kaa wa mtoni, kwa hiyo mtafute kwa makini. Mshike kwa kidole gumba na cha shahada kutoka nyuma, mahali ambapo gando haifiki. Mikaratusi haizibi pengo hilo hata kama inatoa kivuli, kwa sababu majani yake magumu yenye mafuta si chakula chepesi kwa wanyama wa huku. Kingo zenye mikaratusi mitupu zisihesabiwe kuwa zimehifadhiwa.

Ukimkamata kaa huko Usambara, mtazame vizuri mgongoni na kwenye mashina ya miguu. Unaweza kuona mabuu weusi waliojishikiza hapo. Hao ni mabuu wa nzi wa usubi wa aina ya Simulium woodi, ambao hukulia juu ya mwili wa kaa na huhitaji vijito vyenye kivuli. Kenya magharibi ndugu yao, Simulium neavei, alitokomezwa katika miaka ya 1940 na 1950 kwa dawa ya wadudu ya DDT iliyotiwa mitoni. Ugonjwa wa usubi, unaoweza kumpofusha mtu, uliisha huko, na hakuna wa kulilalamikia hilo, lakini mfano huo unaonyesha kwamba kutoweka kwa mnyama mtoni hakuna maana moja tu.

Dawa za kuulia wadudu zina alama inayotambulika. Ukikuta konokono na minyoo wako palepale kwa wingi wao wa kawaida, lakini kila chenye miguu yenye viungo kimetoweka, yaani efemera, trikoptera, mende, kaa na uduvi kwa pamoja, basi fikiria dawa kabla ya kitu kingine. Dawa nyingi zinazopuliziwa mboga hushambulia mishipa ya fahamu ya jamii hiyo, huku konokono wakistahimili. Chunguza wapi mapipa ya kunyunyizia huoshewa. Mara nyingi dawa haikushuka kutoka shambani. Ilimwagwa mtoni moja kwa moja mtu alipokuwa akisuuza bomba la mgongoni jioni.

Uchafu wa vyoo, mifugo au viwanda vya kukamulia na kuoshea mazao husomeka kwa njia nyingine: minyoo na mabuu wekundu huongezeka kwa maelfu. Wekundu huo ni wa himoglobini, inayowawezesha kuishi penye oksijeni kidogo. Mawe huwa na utando wa kijivu unaoteleza, na harufu hukuambia mengine.

Maji yanayochepushwa

Kuna badiliko ambalo halichafui maji hata kidogo. Maji yanapovutwa kwa mifereji na mabomba kwenda kwenye bustani za kiangazi, kinachobaki mtoni kinaweza kuwa safi kabisa lakini hakina kasi. Mabuu wa nzi wa usubi na trikoptera wenye nyavu, ambao hutegemea mkondo uwaletee chakula, hutoweka. Wanaingia kunguni wa maji, viluwiluwi vya mbu na wengine wa vidimbwi. Kwa hiyo pima kina na upana wa maji katika kila kituo na uviandike kando ya orodha ya wanyama, la sivyo utamlaumu mkulima wa juu kwa dawa ambayo hakuipuliza.

Mfano unaojulikana zaidi nchini Tanzania ni wa Kihansi, katika Milima ya Udzungwa. Chura mdogo wa huko, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 akiishi katika eneo la hekta chache tu, pale marasharasha ya maporomoko yalipolowesha mimea ya korongoni. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi karibu na mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji ilielekezwa kwingine. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa ili kuigiza marasharasha yale, lakini mwaka 2003 idadi ya vyura iliporomoka, ugonjwa wa kuvu wa ngozi unaowaua vyura ukiwa umeonekana miongoni mwao, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Alibaki katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na kuanzia mwaka 2012 wengine wamekuwa wakirudishwa korongoni. Maji ya Kihansi hayakuwa machafu, yalikuwa machache.

Mabadiliko ya tabianchi huongeza uzito wa yote haya kuliko kuleta dalili yake ya pekee. Mvua kubwa ya muda mfupi hushusha udongo mwingi zaidi kutoka kwenye mtelemko ulio wazi, na kiangazi kirefu huwafanya watu wavute maji zaidi. Ndiyo sababu kumbukumbu ya miaka mingi ina faida: mwaka mmoja mbaya unaweza kuwa wa ukame tu.

Baada ya kupima

Peleka matokeo yakiwa na picha za mawe, vipimo vya joto na kina, na orodha za wanyama za vituo vyote. Anza na kamati ya mazingira ya kijiji na jumuiya ya watumia maji, kisha bodi ya maji ya bonde lako. Kwa Uluguru ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zenye kuathiri hifadhi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Katika mabonde membamba ya milimani mita hizo 60 zinaweza kumeza shamba zima la familia, na anayekwenda na kifungu mkononi bila pendekezo jingine hafiki mbali. Pendekezo linalokubalika kwa urahisi zaidi ni ukanda wa miti ya asili na majani ya malisho hata wa mita chache, matuta ya kukinga maji kwenye mtelemko, na mahali maalumu pa kuoshea mabomba ya dawa mbali na mto.

Ikiwa hatua zitachukuliwa, endelea kupima bila kutarajia wote warudi kwa pamoja. Efemera waogeleaji na mabuu wa nzi huwa wa kwanza, pengine ndani ya wiki chache, kwa sababu wazazi wao huruka na kutaga popote penye maji. Plekoptera hungoja mawe yafunguke, na hilo hutegemea mafuriko ya masika yatakayosomba tope la zamani wakati jipya haliletwi. Kaa huchelewa kuliko wote: hana hatua ya uchanga inayosafiri na maji, jike hubeba vifaranga vyake chini ya tumbo, na njia yake ya kurudi ni kutembea kutoka kijito jirani ambako bado yupo. Kwa hiyo kituo cha mashambani kinaweza kupata alama nzuri miaka kadhaa kabla ya safu yake ya kaa daftarini kuacha kuwa sifuri, na sifuri hizo ziandikwe kila mara, hata pale ambapo kila safu nyingine imejaa.